Sauti ya Karani Haina Wakwe

Ninyi muliochaguliwa mwaka huu kushika biro, vituo vya kupigia kura, hapa Alunguli, mumenituma muntu aniombe nije kuwaelezea kazi. Magoti yangu hayapandi tena ngazi za ile shule, kwa hiyo nimeandika. Musome wote mpaka mwisho, hata wewe unayejua kila kitu kwa sababu umefundishwa siku mbili na kupewa kofia.

Najua sasa kuna mashine. Muntu anagusa picha ya mgombea kwa kidole, karatasi inatoka imechapwa, anaikunja, anaitumbukiza sandukuni. Vizuri. Lakini mlango ukifungwa mashine inazimwa, karatasi zinabaki, na lazima prezida wa biro akae mbele ya mashahidi wa wagombea, afungue moja moja na kusoma jina kwa sauti. Hiyo kazi mashine haiijui. Hiyo njo niliyoifanya mimi, na hiyo njo iliyonitoa jasho kuliko kazi yoyote niliyofanya duniani, hata kuzaa.

Mukiwauliza watu wa hapa historia ya viti vya Kindu katika baraza la provensi, watawatajia walioshinda: fulani alikaa mara mbili, fulani alikaa mara moja akajenga nyumba ya ghorofa, fulani alikwenda na hakurudi kutusalimu. Mimi historia hiyo naijua kwa kura zilizoharibika. Nimefungua karatasi ambayo muntu ameandika "asante sana" badala ya alama. Nimefungua nyingine yenye malalamiko marefu juu ya daraja. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeweka alama kwa wagombea wote, wote kabisa, hakubakiza hata mmoja. Kesho yake nilimkuta sokoni nikamwambia kwa upole kwamba kufanya hivyo ni kuharibu kura. Akanitazama kama muntu asiye na adabu, akasema kila mmoja pale ni mtoto wa ndugu yake kwa upande fulani, sasa amuache nani, na siku ya msiba atakuja nani?

Kabla ya kura nilikuwa karani. Ofisini kwetu kulikuwa na daftari la wakaaji, kubwa kama mlango wa kabati, avenyu kwa avenyu, nyumba kwa nyumba. Zamani orodha za wapigakura zilitolewa humo. Aliyenifundisha ni mzee Feruzi, karani mkuu, muntu mfupi, mkali, aliyekuwa akinusa karatasi kabla ya kuiandika. Alisema karatasi yenye unyevu inakunywa wino, na hapa karibu na mto kila karatasi ina kiu. Alikuwa akizipasha kwenye kifuniko cha sufuria, juu ya makaa. Mujifunze hilo, mvua itakapowakuta.

Mzee Feruzi alikuwa amehesabu kura za zamani, za chama kimoja, wakati muntu alipewa kadi za rangi mbili na askari anaangalia mkono wake. Alisema kazi ilikuwa rahisi wakati ule, maana jibu lilikuwa likifika kabla ya swali. Lakini juu ya kusoma majina hakuwa na mzaha. Ukiita jina la rafiki kwa utamu na la adui kwa uchungu, alisema, umepiga kura mara mbili. Alikuwa na neno lake moja ambalo alitupigia mpaka tukalichoka: sauti ya karani haina wakwe.

Na mimi nilikuwa na mkwe.

Hapa niwaeleze, kwa sababu baadhi yenu mumeoana kwa simu na hamujui tena haya mambo. Katika ukoo nilioolewa, muke hataji jina la baba wa bwana yake. Si mbele yake, si nyuma yake, si hata likiwa ni jina la muntu mwingine kabisa. Ukilitaja ni sawa umemvua nguo barabarani. Wanawake wa kwetu tulikuwa tukizunguka: mwenye lupango, yaani mwenye boma; kambo ya watoto, yaani babu yao; au baba ya bwana yangu. Mukaza-mwana mmoja wa jirani, baba mukwe wake aliitwa Ndimu. Miaka yote aliomba sokoni "kile kichungu cha kukamulia samaki."

Sasa karani anayesoma daftari kwa sauti kila wiki, kulihakiki, atafanyaje? Njia tuliipata. Nikifika kwenye mstari wa baba mukwe, nagonga meza kwa kalamu mara mbili, na mzee Feruzi anasoma lile jina kwa niaba yangu huku akinung'unika kwamba sauti ya karani haina wakwe. Halafu naendelea. Nikiwa peke yangu, nasema "baba ya bwana yangu," na kila mmoja anaelewa. Miaka sita nilifanya hivyo kila wiki. Mukumbuke hilo la kugonga meza, nitalirudia.

Uchaguzi wa kwanza baada ya vita, tulipochagua wabunge wa provensi, nilifanywa prezida wa biro na pia mufundishaji wa wengine. Katika mazoezi nilifanya kosa moja zuri. Nilishika karatasi juu chini, nikasoma namba tisa, kumbe ni sita. Wote waliandika tisa. Tulipokuja kujumlisha hesabu ilikataa, tukahangaika mpaka njaa ikatuuma. Basi nikaweka sheria yangu: hakuna kusoma namba peke yake. Jina kwanza, kisha namba, kisha unageuza karatasi shahidi aone. Pia tulikuwa na akina Ramazani watatu katika orodha moja, kwa hiyo jina lazima lisomwe zima, mpaka la mwisho. Niliwapigia kelele vijana juu ya sheria hiyo. Mashahidi wa wagombea walikuja kusikiliza mazoezi, na walisikia.

Halafu orodha ya wagombea ikabandikwa, na baba mukwe wangu alikuwamo. Hakuniambia. Kwa kawaida yetu hakuwa na sababu ya kuniambia.

Nilikwenda kuomba nihamishwe. Hilo mulifanye na ninyi, ndugu akigombea, msione haya, ombeni na muandikishe ombi lenu. Waliniambia wa kunibadilisha anatoka ng'ambo ya mto, Kasuku, atavuka asubuhi. Asubuhi hakuvuka. Watu walikuwa wamepanga mstari tangu alfajiri, wengine na watoto mgongoni. Nikafungua biro.

Siku ilikwenda vizuri. Saa kumi na moja tukafunga, jua bado likiingia kwa dirisha. Ndani tulikuwa mimi na watu wangu wa biro na mashahidi. Nje watu walisimama dirishani kusikiliza, kama ilivyo haki yao, na katikati yao, na fimbo yake na kofia yake nyeupe, baba mukwe. Shahidi wa mgombea aliyeshindana naye alikuwa jirani yetu, Mama Aziza, mjane, muuza karanga. Alikaa kwenye benchi ya mbele, kalamu mkononi, viatu amevivua.

Nilisoma karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa ya baba mukwe.

Niliona picha yake na jina lake pembeni. Nikasema, "Namba kumi na saba," nikageuza karatasi, nikaiweka chini. Kijana wa kuandika akapiga kijiti chake. Nikaenda ya tano, nikasoma jina na namba. Ya sita tena ni yake. Nikasema, "Namba kumi na saba." Nikagonga meza mara mbili bila kujua. Mzee Feruzi alikuwa amekufa kwa homa wakati wa vita. Hapakuwa na wa kusoma kwa niaba yangu.

Mama Aziza akainua mkono. Aliongea polepole, kwa adabu. Alisema sheria ni jina kwanza, na mimi mwenyewe njo niliyeifundisha. Alisema kura isiyosomwa jina yeye hataitia sahihi, na kama zitaendelea hivyo ataandika kwenye pevé, ile ripoti inayobandikwa mlangoni, kwamba biro nzima ifutwe. Alikuwa na haki. Mashahidi wengine walitikisa vichwa kumuunga mkono. Biro ikifutwa, kura za watu wote waliosimama tangu alfajiri zinakufa, na za baba mukwe zikiwamo, na pale kwetu njo alikotegemea.

Nikamwambia, "Mama Aziza, weye unajua. Huyu ni mukwe yangu."

Akasema, "Ninajua. Siku ile ulimuruka. Leo utamutaja."

Hakuna aliyecheka. Wengi pale walikuwa wa avenyu yetu, walijua anasema nini. Ninyi hamujui, kwa hiyo lazima niwarudishe nyuma, na hii njo sehemu ambayo sikuipenda kuiandika.

Wakati wa vita bwana yangu alikuwa Kampene kwenye machimbo, njia ikakatika, nikabaki na watoto katika lupango ya baba yake. Asubuhi moja watu wenye bunduki waliingia avenyu yetu. Walitaka wanaume kumi wa kubeba mizigo. Wanaume walikuwa wamejifungia ndani. Mukubwa wao alikuwa ameshapita ofisini, akavunja kabati, akabeba daftari langu. Akauliza karani ni nani. Watu hawakunitaja, lakini vidole vyangu vilikuwa na wino.

Akanisimamisha katikati ya barabara na daftari mikononi. Alisema nisome wanaume kufuatana na nyumba, nitakayemsoma atoke, asiyetoka, nyumba yake itawaka moto na waliomo. Nikasoma. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mkojo wake ulikuwa umenilowesha mpaka miguuni. Wa kwanza akatoka, wa pili, wa tatu. Kila jina, mlango ulifunguka. Nilifika wa tisa.

Mstari uliofuata ulikuwa wa mwisho kwenye ukurasa, na ulikuwa wa baba mukwe. Mlango wake ulikuwa hatua kumi nyuma yangu.

Mukubwa yule akauliza, "Umenyamaza nini?"

Nikalamba kidole, nikageuza ukurasa. Juu kabisa ya ukurasa mpya alikuwa Kitenge Asumani. Nikasoma, Kitenge Asumani. Akatoka akifunga vifungo vya shati, muke wake nyuma yake mlangoni. Alitazama mlango wa jirani yake, uliokuwa bado umefungwa. Halafu akanitazama mimi.

"Njo miye?" akauliza.

Nikasema, "Njo weye, Baba Aziza."

Kumi wakatimia. Walibebeshwa magunia wakashika njia ya msitu. Sita walirudi, wamevimba miguu. Kitenge hakurudi. Hakuna aliyejua kutuonyesha alipolala.

Baadaye baba mukwe aliigeuza kuwa hadithi. Kwenye sherehe, watu wakisha kula, alipenda kusema kwamba desturi za wazee musizidharau, yeye adabu ya mukaza-mwana njo iliyomuokoa, muke wa mtoto wake alikubali kufa kuliko kumtaja jina. Watu walicheka na kunisifu. Mimi nilikwenda kuosha sahani. Mama Aziza alikuwa akija kwenye sherehe hizo pia. Aliomba chumvi kwetu, nasi tuliomba moto kwake.

Miaka yote nilijiambia ilikuwa ni adabu. Ulimi ulijifunga wenyewe, ningefanya nini? Lakini njia nilikuwa nayo. Ningesema "baba ya bwana yangu," kama kila wiki ofisini. Ningeonyesha mlango kwa kidole. Nilijua namna ya kumwita bila kumtaja kuliko muntu yeyote Alunguli, ilikuwa kazi yangu. Sikumwita kwa sababu sikutaka aende. Nilimpenda yule mzee, alikuwa akiwapigia watoto wangu filimbi. Desturi nilijifunika nayo tu, na chini ya kitambaa hicho nilimtoa bwana ya muntu mwingine. Hapo. Nimeandika.

Turudi kwenye biro. Karatasi ya sita ilikuwa bado mkononi mwangu. Niliogopa kuliko siku ile ya bunduki, na sitaki museme ninatia chumvi. Siku ile sikuwa na nafasi ya kuchagua kuogopa. Kama ningekataa, biro inafutwa, na kila muntu atasema nimeua kura za watu kama nilivyo... hawangemaliza maneno, lakini ningesikia. Kama ningetaja, mzee yuko pale dirishani, kofia yake nyeupe naiona.

Nikairudisha karatasi ya nne juu ya meza, na ya sita. Nikamwambia kijana afute vijiti viwili. Nikasimama, kwa sababu mzee Feruzi alitufundisha kusoma tumesimama. Nikasoma jina la baba wa bwana yangu, lote, mpaka la mwisho, kisha namba. Nikageuza karatasi Mama Aziza aone. Aliangalia karatasi, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nje mwanamke mmoja wa ukoo wetu akajishika mdomo.

Nikasoma na ile ya sita. Nikaendelea mpaka sanduku likaisha. Sauti sikuipandisha, sikuishusha, sawa kwa wote, sawa na akina Ramazani. Mara ya ishirini lilikuwa jina kama majina mengine, na hilo lilinisikitisha pia, sijui niwaelezeje. Sikuinua macho kuangalia dirisha mpaka karatasi ya mwisho. Nilipoinua, kofia nyeupe haikuwapo.

Hesabu ilikubali mara ya kwanza. Kwenye pevé kuna sehemu ya mashahidi kuandika maoni yao. Wengi wanaitumia kulalamika. Mama Aziza aliomba kalamu nzuri, yake ilikuwa inakwaruza. Aliinama muda mrefu. Halafu akatia sahihi, akavaa viatu vyake, akaniaga vizuri. Nilisoma alichoandika, kwa sababu prezida anasoma kila kitu. Hakukuwa na malalamiko. Ilikuwa ni Kitenge Asumani, basi, kwa herufi kubwa. Kijana wangu akauliza kama tulifute, maana huyo si mgombea. Nikamwambia ukigusa hilo jina nakukata mkono. Nakala moja ilibandikwa mlangoni, nyingine ikaenda kituoni na masanduku.

Baba mukwe hakupata kiti. Kwetu alishinda, kwingine hawakumjua. Kiti kilimwendea mwingine, na historia yake mutaisikia kwa wengine.

Siku mbili nilimpikia nikampelekea chakula kwa mkono wa mtoto, sikuthubutu kupita mbele yake. Siku ya tatu, asubuhi, alikuja mwenyewe mpaka jikoni, jambo ambalo mukwe hafanyi. Nilipiga magoti, nikafunika uso kwa kitenge. Alisimama mlangoni, mgongo wake kwangu, akitazama nyumba ya Mama Aziza.

"Nilihesabu," akasema. "Umenitaja mara arobaini na tatu. Siku ile moja tu ingetosha." Akaegemea fimbo yake. "Na hata bila moja ningeweza kutoka, mutoto yangu. Miye nilikuwa nyuma ya mulango. Nilisikia ukurasa umegeuka. Nilijua nani anafuata."

Hakusimulia tena ile hadithi kwenye sherehe yoyote. Alivuka uwanja siku hiyo hiyo, akaketi kwa Mama Aziza mpaka jua likawa juu. Walichosema sikuuliza. Alipokufa, Mama Aziza alikuja kulia kwenye msiba, akalala kwetu siku zote tatu.

Basi, mumeniomba ushauri wa kazi. Pasheni karatasi. Shikeni karatasi juu iwe juu. Musomeni kila muntu kwa sauti moja, yule munayempenda na yule musiyempenda. Na mukifika kwenye mstari ambao ulimi unataka kuuruka, musimame hapo, muvute pumzi, muusome. Usipousoma wewe, kuna muntu kwenye ukurasa wa pili, amekaa nyumbani kwake, hajui.

Mumeona nimeandika kurasa zote hizi na baba mukwe sijamtaja. Mazoea. Aliitwa Mulonda Salumu, wa avenyu yetu, nyumba iliyo kabla ya Kitenge.